HJ75 ya 1987: nataka kuitoa 2H niweke 1HZ na gia boksi yake. Wajuzi nisaidieni kabla sijalipa

#1 Mwana_wa_Vitunguu (Arusha)
Habari za jioni wakuu.

Nina pikapu Land Cruiser HJ75 ya 1987, injini 2H, gia boksi ya gia tano. Ilikuwa ya mzee wangu, alifariki miaka sita iliyopita, sasa naiendesha mimi. Kazi yake ni vitunguu. Nashuka Mang'ola mtupu, napakia, napanda nayo Karatu, kisha Mto wa Mbu, hadi soko la Kilombero. Kile kipande cha kutoka bondeni kwenda Karatu mzee alikuwa anakipanda kwa gia ya tatu na mzigo wake. Mimi sasa hivi ni ya pili mwanzo mwisho, na kuna kona mbili lazima nishuke ya kwanza. Moshi mweusi unaotoka nyuma, bodaboda wanasimama pembeni wanisubiri nipotee.

Dalili nyingine: asubuhi inawaka kwa tabu na kutoa moshi mweupe kama dakika tano. Oili naongeza karibu lita moja kila safari mbili. Na nikiweka fo wili gari inakaza, usukani unakuwa mzito, halafu chini kunalia "ta!"

Fundi wangu hapa Unga Limited anasema nisihangaike na 2H, kuna 1HZ ya mtumba imeshuka na gia boksi yake, nipandishe hiyo. Bajeti yangu milioni 15 kwa kila kitu. Je, inaingia bila kukata chasisi? Na difu zangu (gia za katikati ya ekseli) zitafaa au nazo nibadilishe?

#2 Fundi_Pasua (Moshi)
Pole kwa kuondokewa na mzee. Swali moja kabla ya yote: umepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda)? Kama hujapima, hiyo milioni 15 iache benki kwanza.

#3 Kijana_Tengeru
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ila mimi nahisi mkanda wa taimingi umeruka jino, ndiyo maana haina nguvu.

#4 Fundi_Pasua
Hapana ndugu yangu #3. 2H haina mkanda. Taimingi yake ni gia kwa gia. Mwenye mkanda ni 1HZ, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Tusimpoteze mwenzetu.

#5 Kijana_Tengeru
Asante mkuu, nimejifunza.

#6 Mama_Canter (Moshi)
Mwanangu, uza hiyo pikapu. Ongeza kidogo upate Canter yenye 4D33, ubebe vitunguu mara tatu kwa safari hiyo hiyo. Nina mbili zinapiga Rombo na Same, na spea zake unazipata hata Himo. Kuweka injini mpya kwenye gari inayobeba tani moja ni kulisha hasara.

#7 Mwana_wa_Vitunguu
Shikamoo mama. Hesabu yako ni sahihi, siipingi. Ila hii gari siiuzi. Mzee alitusomesha wanne kwa hii pikapu, na mama bado akisikia inaingia getini anatoka nje. Nataka ifanye kazi, hata kama Canter nitanunua baadaye.

#8 Mama_Canter
Marahaba. Basi nimekuelewa, endeleeni.

#9 Mzee_Njiro (Arusha)
Vijana, hii kazi niliifanya kwenye HJ60 yangu, nikaifanya vibaya, nikairudia. Nitasema kwa kirefu ili mwenzangu asilipe mara mbili kama mimi.

Kwanza jueni mnachobadilisha. 2H ni silinda sita, cc 3,980, haina turbo. 1HZ ni silinda sita pia, cc 4,164, nayo haina turbo. Usitegemee roketi. Utapata injini inayozunguka kwa wepesi zaidi na spea zake zimejaa, kwa sababu magari mengi ya watalii hapa Arusha, hizi za mkonga, yanatembelea hiyo.

Pili, bel hauzingi (ganda linalounganisha injini na gia boksi) ya 2H haiipokei 1HZ. Hapo ndipo nilipoanguka. Nilinunua injini tupu, nikaambiwa "vingine tutachonga". Wakachonga pleti ya kuunganisha. Kwa macho ilikaa sawa, lakini ilikuwa imepinda unene wa kucha. Gari ilienda miezi minne, klachi ikaanza kutetemeka nikiachia, halafu beringi ndogo ile inayoshika ncha ya shafti katikati ya flaiwili ikasagika ikawa unga. Tuliposhusha, unga wenyewe ulikuwa unang'aa kiganjani kama rangi ya fedha. Kwa hiyo nunua 1HZ ikiwa na bel hauzingi, flaiwili, klachi na stata yake. Ukipata na gia boksi na transfa (gia boksi ndogo ya fo wili) vikiwa bado vimeshikana, bora zaidi, maana aliyeviunganisha ni kiwanda.

Tatu, mauntingi. Usikubali vipande vya chuma vya kuokota. Tafuta mabano ya HZJ75 (75 iliyotoka kiwandani na 1HZ), yapime kwenye chasisi yako injini ikiwa inaning'inia kwenye winchi, gia boksi imeshafungwa nyuma, ndipo mchomelee. Mimi tulichomelea kwanza tukapima baadaye, feni ikawa inakaribia kulamba rejeta.

Nne, propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye ekseli). Injini na gia boksi vikisogea hata sentimita chache, propela ya mbele na ya nyuma zote zinabadilika urefu. Ikikatwa, ipelekwe ikapimwe mizani, na krosi za ncha mbili zikae mstari mmoja. Yangu fundi aliirudisha ikiwa imezungushwa jino moja. Nikifika 70 sakafu yote inatetemeka mpaka kioo cha pembeni sioni kitu.

Ile pleti ninayo hadi leo, iko stoo.

#10 Dereva_Loliondo
Mzee wa Njiro akianza kuandika sisi tunaweka chai jikoni. Heshima yako mzee.

Niongeze la umeme. Mleta uzi, gari yako ni volti 12 au 24? Kuna watu wanaona betri mbili wanasema 24. Betri mbili zikiungwa chanya kwa chanya bado ni 12. Soma balbu ya taa ya mbele, imeandikwa. 1HZ ina sumaku ya kukata mafuta kwenye pampu, ukiipa 24 wakati ni ya 12 inaungua. Ukifanya kinyume haifunguki na gari haiwaki, mtaanza kumlaumu muuza injini bure. Hita plagi (za kupasha silinda wakati wa kuwasha), stata na altaneta ni hivyo hivyo.

#11 Mwana_wa_Vitunguu
Balbu inasema 24V. Injini inayouzwa sijauliza. Asante sana, kesho nauliza.

#12 Sakina_Motors_Shabiki
Kwa nini asiweke 12H-T? Ni ukoo mmoja na 2H, inakaa kwenye bel hauzingi ile ile, na ina turbo tayari. Hakuna kukata wala kuchomelea.

#13 Mzee_Njiro
Kweli kabisa #12, ilikuja kwenye HJ61. Lakini nionyeshe iko wapi. Ziliisha kutengenezwa zama za mwanzo wa 1HZ, na ukiipata leo nayo imechoka kama hiyo anayotaka kuitoa.

#14 Turbo_Kijenge
Njia rahisi: aweke 1HZ halafu aifunge turbo. Watu wengi wanafanya.

#15 Fundi_Pasua
Wanafanya, na silinda hedi zinapasuka. 1HZ ina chumba kidogo cha kuchomea mafuta ndani ya hedi, joto linakaa pale. Ukiifunga turbo ufunge na geji ya joto la ekzosi, na uwe dereva wa kuiangalia. Mtu anayepanda kutoka Mang'ola na tani ya vitunguu kwa dakika arobaini hatakuwa anaangalia geji, ataangalia barabara. Kama ni turbo, basi 1HD-T iliyozaliwa nayo.

#16 Turbo_Kijenge
Yangu mwaka wa tatu huu haijapasuka.

#17 Fundi_Pasua
Unaenda nayo wapi?

#18 Turbo_Kijenge
Kazini na kanisani. Sawa, nimekuelewa kaka.

#19 Mwalimu_Monduli
Mimi naona tatizo ni mwinuko. Arusha mjini tu ni kama mita 1,400 juu ya bahari, Karatu nako juu. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Mafuta ni yale yale, hewa imepungua, ndiyo moshi mweusi.

#20 Dereva_Loliondo
Mwalimu, hesabu yako ni nzuri, ila mzee wake aliupanda mlima huo huo kwa gia ya tatu. Mlima haujaongezeka urefu. Mimi nasema aanze na vya bei ndogo: kichujio cha hewa, kichujio cha dizeli, na kile kichujio cha wavu ndani ya tangi. Mafuta ya madumu yana uchafu. Nimewahi kulala porini kwa jani moja la mti lililonyonywa mdomoni mwa bomba la tangi.

#21 Mwalimu_Monduli
Ila uchafu kwenye njia ya dizeli hauleti moshi mweusi. Unapunguza mafuta, moshi ungepungua pia. Kichujio cha hewa sawa, hicho nakubali.

#22 Fundi_Pasua
Mwalimu yuko sahihi hapo. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: kichujio cha hewa, nozeli zinazokojoa badala ya kupuliza, au pampu imefunguliwa skrubu. Mweupe wa asubuhi ni dizeli isiyoungua: hita plagi zimekufa au kompresheni imeshuka. Oili kupungua ni ringi, au sili za vali. Ana magonjwa matatu tofauti, tunataka kumpa dawa moja. Mleta uzi, PIMA. Na geji iwe ya dizeli, ya petroli itapasuka.

#23 Mwana_wa_Vitunguu
Wakuu nimerudi, leo Jumamosi tumepima, injini ikiwa ya moto, tumetoa hita plagi zote. Majibu kwa psi:
1: 370
2: 360
3: 365
4: 250
5: 355
6: 360
Hita plagi mbili zimekufa, ya 2 na ya 5. Kichujio cha hewa kilikuwa cheusi kama sufuria ya makande, nimeweka kipya. Kwa macho yangu ya mtu asiye fundi, silinda tano zinaonekana nzima. Au nakosea?

#24 Fundi_Pasua
Hukosei. Hiyo injini haijafa, ina mgonjwa mmoja. Mwagia kijiko kimoja cha oili silinda ya nne, pima tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni vali au gasketi.

#25 Mzee_Njiro
Kijiko hicho kwenye dizeli kinadanganya, mwanangu. Chumba ni kidogo sana, oili yenyewe inajaza nafasi na kupandisha namba hata ringi zikiwa nzima. Mimi ningefungua mfuniko wa juu nipime nafasi za vali kwanza. 2H vali zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati. Vali ikibanwa haifungi sawasawa, kompresheni inavuja. Ni kazi ya asubuhi moja na gasketi ya mfuniko.

#26 Fundi_Pasua
Mzee, kijiko kidogo kinasaidia, nimekifanya miaka mingi. Ila la vali nakubali, lianze hilo.

#27 Muuza_Spea_Ngarenaro
Naheshimu mafundi, lakini mnamrudisha kijana nyuma. Gari ya 1987. Leo silinda ya nne, mwezi wa tatu ya pili, halafu pistoni na metali za 2H zianze kutafutwa Dar, Gerezani, wiki mbili gari imelala. 1HZ spea zake anavuka barabara tu. Anayefanya biashara analipia siku za gari kulala.

#28 Mama_Canter
Hilo la gari kulala ni kweli tupu. Vitunguu havisubiri.

#29 Dada_Usa_River
Mimi nina la karatasi. Kaka, namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini lazima taarifa zibadilishwe TRA, na gari ikaguliwe. Mwenye injini akupe risiti na nyaraka za forodha, na namba kwenye bloku isomeke vizuri, isiwe imepigwa tindo. Niliuziwa injini bila karatasi na muuzaji mmoja hapa mjini, simu ikazimwa wiki iliyofuata. Gari nzima, inatembea, lakini nilishindwa kuiuza mwaka mzima kwa sababu kadi inasema kitu kimoja na bloku inasema kingine. Ongea na bima pia.

#30 Mwana_wa_Vitunguu
Asante dada. Nimeuliza: injini inayouzwa ni ya volti 12 na mwenyewe anasema karatasi "zipo Dar". Nimemwambia zije kwanza.

#31 Fundi_Pasua
Safi. Na ukiinunua, mkanda na tensheni yake, wota pampu, sili ya nyuma ya krankshafti na klachi, vyote vibadilishwe ikiwa bado chini. Hakikisha ina pampu ya vakyumu. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu yenyewe, bila hiyo breki zinakuwa ngumu kama jiwe, nawe unashuka Mto wa Mbu.

#32 Dereva_Loliondo
Jamani, kuna jambo tumelipita. #1 amesema akiweka fo wili inakaza na kulia "ta". Hakuna aliyemjibu.

#33 Turbo_Kijenge
Hiyo ni kawaida. 75 haina difu ya kati, ukiweka fo wili kwenye lami lazima ikaze kwenye kona.

#34 Mwana_wa_Vitunguu
Siyo lami. Ni kwenye vumbi la Mang'ola, tena nikiwa nimenyoosha.

#35 Dereva_Loliondo
Hapo sasa. Fanya hivi. Weka mawe magurudumu ya mbele, gia huru, hendibreki chini. Inua gurudumu MOJA la nyuma, jingine libaki chini. Piga chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, mwenzako ahesabu propela. Kisha mbele vivyo hivyo, habu (vifungio vya fo wili kwenye magurudumu ya mbele) zikiwa zimefungwa na mawe yakiwa nyuma. Ulete namba.

#36 Mwana_wa_Vitunguu
Nimefanya na mdogo wangu leo jioni. Nyuma: mizunguko mitatu na kama robo tatu hivi, inapungua kidogo. Mbele: minne na kidogo. Tumerudia mara tatu, ni hivyo hivyo.

#37 Dereva_Loliondo
Umeona! Mbele una difu ya 4.11, yaani propela inazunguka mara 4.11 magurudumu yote mawili yakizunguka mara moja (ndiyo maana tairi moja tumeizungusha mara mbili), nyuma una 3.70. Difu mbili hazizungumzi lugha moja. Kwenye fo wili nyuma ikitaka kwenda mita 100, mbele inataka 90. Ile "ta" ni chuma kinatafuta pa kuachia. Usiweke fo wili tena kabla hujarekebisha, utavunja transfa.

#38 Mwalimu_Monduli
Na 4.11 kwa 3.70 ni tofauti ya asilimia 10 ya nguvu ya kuvuta, kwenye kila gia. Kijana, spidi mita ikisema 80, simu inasema ngapi?

#39 Mwana_wa_Vitunguu
88, 89. Nilidhani spidi mita imezeeka.

Nimemuuliza mama. Anakumbuka mzee aliwahi kukatika ekseli ya nyuma maeneo ya Makuyuni, akaletewa ekseli nzima ya gari nyingine juu ya lori. Ni mwaka wa mwisho kabla hajaanza kuugua. Kwa hiyo ile gia ya tatu ninayoikumbuka nikiwa kijana ilikuwa na difu yake ya zamani.

#40 Mzee_Njiro
Nimesoma hiyo mara mbili.

Basi ukitafuta difu ya nyuma ya 4.11, chukua kichwa cha difu kizima kilichofungwa kiwandani, usichukue gia tupu za kupanga upya. Na swali lako la #1 kuhusu difu limejijibu: 1HZ au 2H, vyovyote utakavyochagua, hiyo ya nyuma inatoka.

#41 Muuza_Spea_Ngarenaro
Difu ni asilimia 10. Kutoka gia ya tatu hadi ya kwanza siyo asilimia 10. Injini bado imechoka, nasimama hapo.

#42 Fundi_Pasua
Difu, silinda moja, kichujio cha hewa na nozeli ambazo hazijapimwa. Jumlisha. Mimi nasimama hapa.

#43 Turbo_Kijenge
Na mimi bado nasema 1HZ. Hata vali zikikaa sawa, baada ya mwaka atarudi kwenye uzi huu huu.

#44 Mwana_wa_Vitunguu
Wakuu, mrejesho. Mzee wa Njiro alikuja mwenyewe na fila geji yake, Mungu ambariki. Vali ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa imebana kabisa, ile bati nyembamba kuliko zote haikupita. Tumezirekebisha zote 12, tukabadili na hita plagi mbili. Asubuhi moshi mweupe umekaa chini ya dakika moja. Silinda ya nne imepanda kutoka 250 hadi 295, haijafika wenzake. Nozeli zimepelekwa kupimwa Jumatatu. Difu ya 4.11 imeonekana moja Moshi, Fundi_Pasua ataikagua kabla sijatuma hela. Karatasi za 1HZ bado hazijatoka Dar, mwenyewe amekubali kunishikia hadi mwisho wa mwezi bila kianzio.

Ijumaa nashuka Mang'ola, nitapakia nusu mzigo.

#45 Mzee_Njiro
295 ni vali imeungua ukingo, au ringi. Ukirudi tupime tena ikiwa ya moto hivyo hivyo.

#46 Muuza_Spea_Ngarenaro
Au ni ringi, injini imechoka kama nilivyosema.

#47 Dereva_Loliondo
Ijumaa nami nipo njia hiyo, natoka Karatu saa tatu asubuhi. Nina kamba na winchi. Na ule wavu wa tangi je, umeutoa?

#48 Mwana_wa_Vitunguu
Bado. Nautoa kesho.